Hadji na Ndege Yake ya Mazutu

Mume wangu ni mtu wa malori. Wazee wake walitoka Maniema na biashara ya nguo, yeye akageukia uchukuzi, na tangu tuoane malori yake yanapeleka unga na sabuni Dilolo, mpakani na Angola, yanarudi na samaki wa chumvi. Alipotoka kuhiji mji mzima ukaanza kumwita Hadji, na mimi nikafuata, maana nikimwita hivyo ananyoosha shingo na kusikiliza. Mimi nauza vipuri karibu na soko la Kolwezi. Nayasema haya ili ijulikane kwamba nyumba yetu haikuwa ya wajinga. Ujinga ulitukuta tukiwa kazini.

Ulianza na mvua. Barabara ya Dilolo ikilewa maji, lori huzama mpaka mlangoni na dereva hupata muda wa kuoa huko huko. Msimu ule malori yetu yalikwama, na kila Hadji alipopiga simu, dereva alijibu, "Patron, tuko tunatoka," kwa sauti ya mtu aliyelala. Hadji akachoka kusikia, akataka kuona. Wakati huohuo mzungu mmoja aliyekuwa akipiga picha mashimo ya mgodi wa Mashamba kutoka angani alikuwa anarudi kwao, na ndege yake anaiuza.

Nikisema ndege mtafikiria mabawa. Haikuwa nayo. Ilikuwa na viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, juu ya magurudumu matatu, na mlingoti uliobeba mapanga mawili marefu yanayozungushwa na upepo wenyewe. Nyuma kabisa kulikuwa na moteri na elisi, yaani pangaboi la kusukuma. Mzungu aliiita otojiri. Mama mkwe alipoikuta uani kwetu aliuliza kama ni mashine ya kukamua mawese.

Mzungu alimfundisha Hadji kuiendesha, na masomo yalikwisha siku pipa la mwisho la mafuta lilipokwisha. Moteri ile ilikunywa esanse ya ndege tu, petroli safi ambayo mzungu alikuwa akiagiza mbali. Esanse ya chupa za barabarani aliikataza kwa kidole, na alikuwa na haki. Hata pikipiki zetu huikohoa. Dizeli, tunayoiita mazutu, ndiyo iliyojaa kwetu.

"Mu Kolwezi kila kitu iko na kunywa mazutu," Hadji akasema. "Malori, grupe, pompe za migodi. Juu ya nini ndege njo ikatae?"

Rafiki yake, injinia mstaafu ambaye huvaa tai hata akija kununua chujio dukani kwangu, ndiye aliyejibu.

"Ku teori, Hadji, inawezekana."

Kwa nadharia hiyo moja uani kwetu pakawa karakana. Injinia alitueleza kwamba mazutu hayawashwi kwa cheche, yanabanwa mpaka yawake yenyewe, na kwa kuwa yanabanwa kwa nguvu, moteri yake hujengwa nene kama sufuria ya msiba. Alitueleza vizuri sana. Halafu akashauri tuchukue moteri ya pampu ya kunyonya maji mgodini, iliyotupwa kwa sababu ya uzee.

Wanaume waliibeba wakiimba. Walipoifunga nyuma ya viti, gurudumu la mbele likainuka polepole na ndege ikakalia mkia, kama kuku anayetaka kutaga. Injinia aliitazama kwa muda.

"Uzito njo unazidi kidogo," akasema.

Moteri ya pili ilitoka kwenye pikapu. Safari hii walikuwa wamejifunza, wakaanza kuipunguza. Leo wanatoa dinamo, kesho wanatoa feni, keshokutwa mabomba fulani ambayo injinia aliyaita anasa. Mwishowe ikawa nyepesi kweli, na haikuwaka tena hata kwa kusukumwa.

Wakati huo wote mkutano wa ndege ulifanyika dukani kwangu. Kila adhuhuri wanaume walikaa juu ya makasha ya beyaringi wakijadili anga, na mteja aliyetaka mshipi wa feni alilazimika kwanza kutoa maoni yake. Kwa hiyo nilipokwenda Lubumbashi kununua bidhaa, nilipitia kwa wauza magari yaliyoumia. Nilijiambia ni kwa ajili ya kuokoa duka. Kwa kweli nilikuwa nimeanza kuota moteri. Kila mtu alitoa maoni isipokuwa mimi, ninayeuza vipuri, na nilitaka niulizwe.

Nilipata gari dogo kutoka Ulaya. Muuzaji aliapa kwamba lilikuwa la sista mmoja mtawa aliyeliendesha kwenda misani tu. Sista huyo lazima alikuwa amechelewa misa, maana mbele pote palikunjamana. Lakini moteri ilikuwa nzima, ya mazutu, yenye turbo, na mwili wake ulikuwa wa alumini. Nilishika upande mmoja, muuzaji mwingine, tukaiinua. Niliirudisha Kolwezi chini ya magunia, na nilipoifunua uani injinia aliizunguka akarekebisha tai.

"Njo ile nilikuwa nafikiria," akasema.

Ilipoanza kulia, majirani walifurahi, na ofisi moja ikasikia. Akaja bwana mwenye mkoba.

"Hii ni ndege?" akauliza.

"Haiyaruka bado," Hadji akajibu.

"Kama haiyaruka, haiko ndege. Ni motokari. Plaki ya namba iko wapi?"

"Haiendi mu barabara, chefu."

Bwana akafikiri. "Haiendi mu barabara, haiendi mu anga, lakini inapiga kelele. Basi ni grupe." Akatuandikia kibali cha jenereta, akatuonya tusiisogeze kutoka mahali pake.

Siku moja kabla ya jaribio, Hadji alikwenda kumwomba mama yake dua. Mama mkwe, ambaye amezika waume wawili na haharakishwi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na hii ndege yako, mwanangu, bunga utaweka fasi gani?"

Tulikuwa tumepima kila kitu isipokuwa mahali pa unga. Moteri ilikuwa imekula uzito wote. Hata kiti cha pili kilibaki kitupu, kwa kuwa moteri ndiyo iliyokuwa abiria.

"Mama, haitabeba bunga. Itanibeba mimi. Nitaenda kuangalia malori."

"Kuangalia."

"Ndiyo, Mama. Bakubwa ba migodi banafanya kazi ile tu, na banalipwa."

Mama mkwe akamwombea dua, ndefu kuliko kawaida.

Tuliipeleka kwenye uwanja mpana njia ya Nzilo, ambapo kampuni moja ilisawazisha ardhi kisha ikasahau kwa nini. Wachimbaji walitoka mashimoni na vumbi la kijani miguuni, wakakaa pembeni na mahindi ya kuchoma. Hadji alikimbiza ndege, mapanga yakashika upepo, na magurudumu yakaachana na ardhi. Niliona anga chini ya viatu vya mume wangu. Mikono yangu ilikwenda yenyewe mdomoni.

Kisha kukasikika mlio kama mfupa unaovunjika. Moteri ya mazutu haivuti laini, inapiga kama mtwangaji, na mapigo hayo yalikuwa yamekata kiungo cha chuma kilichoishika elisi. Lakini mapanga ya juu hayajali moteri. Yaliendelea kuzunguka na upepo, na Hadji akashuka taratibu kama mtu anayeketi sofani. Akateremka, akavaa vizuri kofia yake, akarudi kwa miguu. Wachimbaji wakapiga makofi, wakidhani mambo yalipangwa hivyo.

"Ku teori tulikuwa sawa," injinia akasema.

Safari hii niliulizwa. Nikatoa dukani raba nene inayofungwa kwenye shafti za malori, tukaiweka katikati ya moteri na elisi ili ipokee mapigo. Ikakubali. Hadji akaruka hasa, wiki baada ya wiki, juu ya mitaa na juu ya maji ya Nzilo.

Tatizo likawa moja. Wakati wa mvua, barabara inapofungika, mawingu hushuka na upepo hukasirika, na hakuna mwenye akili atakayeruka. Wakati wa kiangazi ndege hupaa vizuri, na malori nayo hupita bila shida yoyote. Hivyo Hadji huenda kuyaangalia malori ambayo hayajakwama. Madereva wananilalamikia.

"Mama, ongea naye," mmoja akaniambia. "Tukisimama kula tu, anatushukia."

Jioni moja alirudi kutoka angani. Alinawa, akakaa, akaniangalia kama mtu aliyeletewa habari.

"Nimepita juu ya nyumba yetu," akasema. "Ulikuwa unajua kama bati ya jikoni imeoza?"

Nimepika chini ya bati lile kwa mvua nyingi, na kila mvua nilimwambia. Sikumkumbusha. Nilimuuliza tu kama ameona pia la bafuni.

"Hapana."

"Basi kesho pita tena."

Asubuhi akapita. Kabla ya adhuhuri mabati yalikuwa mlangoni.