Mkono wa Kulia wa Mama Breki

Sote tuliofundishwa naye kuendesha gari tulimwita Mama Breki. Alilijua jina hilo na hakulikataa. Gari la chuo lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria, na mguu wake haukubanduka hapo tangu unapowasha injini hadi unapoizima. Lakini kazi kubwa ilifanywa na mkono wake wa kulia. Ukianza kuufuata ukuta, au mtaro, au meza ya mtu anayeuza vocha, mkono huo ulichomoka bila hodi, ukanyakua usukani, ukalirudisha gari barabarani, kisha ukarudi kutulia gotini kana kwamba haukuhusika. Mwenyewe hakupiga kelele hata siku moja. "Endelea," alisema. "Bado tuko hai."

Gofu ilimwingia kwa njia ya ugomvi. Kiwanja cha chuo, pale tulipojifunzia kurudi nyuma kati ya matairi yaliyopakwa chokaa, kilipakana na uwanja wa gofu. Siku moja mpira ulivuka ua ukapasua kioo cha pembeni cha gari. Mama Breki aliuokota, akazunguka hadi langoni, akaingia ndani akiwa ameukamata kama ushahidi wa mahakamani. Akamkuta mkufunzi wa hapo, mwanamume mwembamba aliyekuwa akipangusa fimbo zake kwa kitambaa.

"Nyinyi watu hamna macho?" akamuuliza.

"Macho tunayo, mama. Usukani ndio hatuna." Akampa fimbo. "Hebu na wewe uupeleke mpira unakotaka, tuone."

Mara ya kwanza alipiga hewa. Mara ya pili akachimba udongo. Ya tatu mpira ukapaa, ukaenda mbali sana, ukakata kona hewani na kuangukia paa la bati la ghala. Mkufunzi alicheka mpaka akashika kiuno, na Mama Breki, aliyekwenda pale kugombana, akajikuta anacheka pia. Alikuwa na miaka thelathini na mbili na watoto wawili, na fimbo pekee aliyowahi kuishika kwa bidii ni ya ufagio. Jumamosi iliyofuata alirudi. Kioo alisahau kukidai.

Mengi ya haya nilisimuliwa na wifi yake, dada wa mumewe, fundi wa mapazia ambaye mdomo wake haujui likizo. Kwa maelezo yake, Mama Breki alijifunza gofu kama mtu anayelipiza kisasi. Alifika uwanjani kabla ya wanafunzi wa asubuhi, akarudi baada ya wanafunzi wa jioni. Miaka ilivyokwenda akaanza kuwashinda waliomtangulia, na hatimaye akaingia mashindano ya taifa ya wanawake wa ridhaa, yaani wale wanaocheza bila kulipwa. Huko mnacheza siku tatu, na anayetumia mikwaju michache kuliko wenzake ndiye bingwa. Wanne wa kwanza huchaguliwa kuiwakilisha nchi nje. Mama Breki hakuwahi kuuota ubingwa. Alikuwa anajua kuna wasichana walioanza na miaka sita. Yeye alitaka nafasi ya nne. Mwaka mmoja akawa wa saba, uliofuata wa tano, na uliofuata tena wa tano.

Kisha mkono ukaharibika.

Uliharibika kwa jambo dogo kabisa. Mipira ya mbali aliipiga vizuri kama zamani. Taabu ilikuja karibu na shimo, pale penye majani yaliyonyolewa kama zulia, mpira ukiwa umebakiza hatua moja tu, kazi ambayo mtoto angeifanya kwa teke. Hapo ndipo mkono wa kulia uliporuka. Ulijikunja ghafla kama umeguswa na umeme, na mpira ukapita pembeni. Ilitokea mara moja, akasema ni uchovu. Ikatokea tena. Ikafika mahali akaona afadhali mpira uwe mbali, kwa kuwa ukiwa karibu jasho lilimtoka mgongoni.

Daktari aliukunja mkono, akaukunjua, akaugonga kwa kinyundo, akasema ni mkono mzima. Mkufunzi alisema amewaona wengi wenye ugonjwa huo na waliopona ni wachache. Mama Breki alijaribu kufumba macho. Alijaribu kuhesabu, kuimba kimoyomoyo, kubana pumzi. Misimu miwili hakujiandikisha mashindano yoyote.

Aliyeipata sababu ni mumewe, fundi wa majokofu, tena bila kukusudia. Walikuwa mezani, kijana wao akagusa glasi ya maji, na kabla glasi haijalala, mkono wa kulia wa Mama Breki ulikuwa umeshaidaka.

"Huo mkono unadhani kila kitu ni usukani," mumewe alisema. "Kila mtu akikaribia kukosea, wenyewe unaruka."

Alisema kwa utani akaendelea kula. Mama Breki aliacha kula. Akautazama mkono wake muda mrefu, kisha akaondoka mezani, akachukua fimbo fupi ya kusukumia mpira, akalaza kikombe cha plastiki kwenye zulia la sebuleni. Mkono wa kulia akautia mfukoni mwa suruali. Akasukuma kwa mkono wa kushoto peke yake.

Mpira ulikwenda taratibu, ukiyumba kidogo, ukagonga mguu wa kochi.

"Hapo umepata nini?" mumewe akauliza.

"Mpira umekosa," alisema Mama Breki, "lakini mkono haukuruka."

Tangu siku hiyo kikombe hakikuondoka sebuleni. Wageni walikiruka. Watoto, ambao sasa walikuwa wakubwa wenye ndevu na hereni, waliangalia televisheni kupitia kati ya miguu ya mama yao. Mwezi wa kwanza mkono wa kushoto ulikuwa mjinga kabisa, kama mwanafunzi anayetafuta gia kwenye dirisha. Hakuukasirikia. Aliusemesha vilevile alivyotusemesha sisi: endelea, bado tuko hai. Kufikia msimu wa mvua kuisha, kikombe kilikuwa kinapokea mipira mingi kuliko kochi. Akajiandikisha.

Ilibaki mtu wa kumbebea mfuko wa fimbo. Aliyezoea kumbebea alikuwa amehamia mji mwingine kikazi, na wifi, aliyekuwa hajui gofu hata chembe, akajitokeza.

"Kazi yenyewe si kubeba na kunyamaza?" aliuliza.

"Kubeba utaweza," Mama Breki alimjibu.

Siku ya kwanza kulikuwa na jua kali na watu wengi. Kwenye shimo la kwanza mpira wa Mama Breki ulibaki hatua moja tu. Akautia mkono wa kulia mfukoni, akainama, akashika fimbo kwa mkono mmoja kama mhudumu wa hoteli anayemimina chai. Mtu akacheka kwa sauti. Mwingine akauliza kama yule mama ameumia. Mpira ukaingia. Wifi akageuka kutafuta aliyecheka, na ilibidi Mama Breki amvute kwa kamba ya mfuko.

"Twende, wifi."

"Nimemwona. Ni yule mwenye kofia ya njano."

"Twende."

Jioni alikuwa wa sita. Wifi akapika, mumewe akamkanda mabega, kila mtu akalala na matumaini.

Siku ya pili alipangwa kucheza na wanawake wawili waliokuwa wakiheshimika sana pale uwanjani, watu wa glavu nyeupe na maneno machache. Hawakumcheka. Walifanya kitu kibaya zaidi, walitazama pembeni kila alipoinama, kama watu waliomfungulia mlango mtu anayevaa. Aibu ikaanza kumpanda. Kwenye shimo la tisa, mpira ukiwa karibu kabisa, aliutoa mkono wa kulia mfukoni akashika fimbo kwa mikono miwili kama binadamu wengine.

Mkono ukaruka. Mpira ulipita shimo, ukateremka mteremko, ukasimama mbali kuliko ulipokuwa. Kwa kipande cha ardhi ambacho ungekifunika na khanga, alitumia mikwaju minne.

Walipokuwa wakitembea kwenda shimo linalofuata wifi hakusema neno, na hilo lilimshtua Mama Breki kuliko matusi.

"Sema tu," alimwambia.

"Niseme nini? Umewaona wale mabibi ukawaonea haya." Wifi akahamishia mfuko bega la pili. "Mimi najiuliza tu, wifi. Wakirudi kwao leo, kuna hata mmoja atakayekaa akafikiria mkono wako? Wanafikiria miguu inawauma. Kama mimi."

Shimo la kumi, mkono ukarudi mfukoni, na haukutoka tena. Mama Breki alipomaliza alikuwa ameporomoka hadi nafasi ya tisa. Jioni hiyo hakutaka kukandwa wala kupewa pole. Alikula, akakiweka kikombe chini, akasukuma mipira mpaka mumewe akaomba taa izimwe.

Siku ya mwisho upepo ulivuma tangu asubuhi. Uliwatesa wasichana waliozoea kurusha mipira juu sana. Mama Breki, ambaye tangu siku ya lile ghala alijizoeza kutoipaisha mipira, alipiga chini chini, mipira ikakimbia kwenye majani kama panya. Hakufanya maajabu. Pale wenzake walipojaribu kuruka maji, yeye alizunguka. Pale mpira ulipolala vibaya, alitafuta njia ya kutoka tu, siyo ya kujionyesha. Na kila ulipobaki karibu, mkono mfukoni, mkono wa kushoto unasukuma, unaingia. Mwenye kofia ya njano, wifi aliniapia, alianza kupiga makofi kwenye shimo la kumi na tatu.

Alipomaliza walimwambia yuko wa nne, lakini kuna kundi moja bado liko njiani. Wakakaa kwenye benchi kusubiri. Katika kundi hilo alikuwamo mwanafunzi wa chuo cha famasia, msichana mrefu mwenye hatua za twiga, na alihitaji mpira mmoja wa mbali uingie ili walingane.

"Akose," wifi alinong'ona amefumba macho. "Akose, akose, akose."

"Acha hiyo."

"Naomba kwa moyo tu."

Mpira wa mwanafunzi ulipinda, ukasita ukingoni, ukaingia. Watu wakashangilia. Bingwa alikuwa ameshajulikana zamani na alikuwa anakunywa soda kivulini. Sasa wote walihamia kwa hawa wawili wa nafasi ya nne. Ikaamuliwa warudie shimo la mwisho mpaka mmoja amzidi mwenzake.

Mara ya kwanza walitoka sare. Mara ya pili upepo uliuchukua mpira wa mwanafunzi ukautupa kwenye miti. Ilimbidi autoe kwa kando, akapoteza mkwaju. Lakini alikuwa na roho ngumu. Alipofika kwenye majani ya shimo, bado mbali, alisukuma mmoja ambao hata wifi aliusifia kwa kuguna. Ukaingia. Mama Breki sasa alikuwa na mpira uliobakiza urefu wa mwavuli. Ukiingia, amepita. Ukikosa, wanarudia tena, na miguu yake ilikuwa imeanza kukataa.

Akautia mkono wa kulia mfukoni. Mle ndani mlikuwa na leso, akaikamata. Aliinama, akautazama mpira, akautazama mlango wa shimo, akavuta fimbo nyuma kidogo.

Mkono ukaruka. Uliruka mlemle mfukoni, kwa nguvu, mpaka suruali ikatikisika na wifi akaona. Lakini mkono wa kushoto haukuwa na habari. Fimbo ilikwenda ilikotumwa, na mpira ukatumbukia katikati ya shimo kwa sauti ndogo ya kikombe kikiwekwa mezani.

Wifi alitupa mfuko chini, jambo ambalo haliruhusiwi, akapiga kigelegele, ambacho nacho nadhani hakiruhusiwi. Mama Breki alibaki ameinama kidogo. Alipoinuka macho yalikuwa yamejaa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuutoa mkono wa kulia na kuuangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto mtundu aliyeshindwa kuharibu sherehe.

Mwanafunzi wa famasia alikuja kumkumbatia. Alikuwa analia bila kujificha.

"Hongera, mama. Nilikuwa naomba ukose."

"Najua, mwanangu. Wifi yangu naye alikuwa anakuombea hivyohivyo."

Msichana akacheka katikati ya machozi, na wakaenda kusaini kadi zao za alama pamoja.

Mimi mwaka ule ndio nilikuwa najifunza, na Jumatatu asubuhi nilikuwa na somo. Nilimkuta amekaa kwenye gari, mguu kwenye breki yake, amejipaka mafuta mdomoni palipokaushwa na upepo. Nilikuwa nimesikia kuwa alikuwa kwenye mashindano, sikuwa nimesikia matokeo.

"Umeshinda, mwalimu?"

"Nimekuwa wa nne."

"Oo," nikasema. "Pole sana."

Alinigeukia taratibu. Uso wake ulikuwa umeungua na jua, na sijawahi kumwona mtu amependeza vile.

"Pole ya nini?" alisema. "Funga mkanda. Leo tunaingia barabara kuu."