Saa ya Tata na Mkono wa Mfukoni

Leo binamu yangu Projest ameicheka saa ya baba yangu mbele ya wageni. Someni kilichompata.

Tata, ndiye baba, alikuwa fundi saa Bukoba. Enzi za ujamaa, maduka yakiwa matupu, aliona saa ya dhahabu mkononi mwa ofisa mmoja, akaenda kujitengenezea ya kwake.

Kasha ni shaba ya bomba la maji. Uso ni bati la kopo la mafuta ya kupikia.

Juu kabisa aliandika 6, si 12. Mchana ni saa sita, alisema, na huko ndiko kujitegemea.

Basi Projest kashuka hapa Kanazi na saa yake ya dhahabu, eti orijino kutoka Dubai. Akamshika Tata mkono.

"Mjomba, hiki kifuniko cha kopo bado unakivaa?"



Kengele ya kanisa ikalia, saa sita kamili. Mishale ya Tata yote miwili iko juu, kwenye 6 yake. Sote tukachungulia saa ya Projest.

Saa nne na robo. Imekufa!

Mkono ukaingia mfukoni. Bwana mkubwa kajikausha.

Mara Mama akaleta kahawa ya kutafuna. Kwetu Uhayani hupokei kitu cha mkubwa kwa mkono mmoja. Ikabidi mkono utoke.

Mama akaisoma ile saa taratibu.

"Kumbe kwako bado ni saa nne na robo? Basi pumzika, mwanangu. Mchana ukifika tutakuita ule."

Sisi tumeshakula. Yeye bado yuko barazani.

Nyie mngemwita?