Makuti Yaliyokwenda Bila Ngoma

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya mawingu. Yalikaa juu ya Likoni tangu asubuhi, mazito, na mimi sikutulia. Nilikwenda barazani, nikarudi uani, nikatoka tena kuchungulia njia, hata mamangu akanifokea: "Wewe mtoto una siafu mwilini? Keti!" Ningeketi vipi? Mkaguzi wa elimu alikuwa anakuja kutazama kama tumemaliza kujenga skuli yetu, na tulikuwa hatujamaliza.

Nakwambia haya leo wewe uliyeingia juzi kwenye kamati ya skuli, kwa sababu nimesikia mnavyovutana. Madarasa mapya yajengwe huku, hapana, yajengwe kule. Nimeambiwa mpaka viti vilirushwa. Lo! Watu wazima na ndevu zenu! Nimekosa usingizi kwa ajili yenu, wallahi. Basi tia chai yako sukari, unyamaze, unisikilize.

Zama hizo, miaka ya mwisho ya Mwingereza, skuli zilikuwa na rangi. Ng'ambo, kisiwani, watoto wa Kizungu walikuwa na zao za mawe, zenye bustani, na hakuna mzazi wao aliyebeba hata ndoo ya mchanga. Sisi wa upande huu tulikuwa na vyuo vya Qur'ani, Mungu awarehemu walimu wetu, lakini skuli ya kusoma hesabu na jiografia haikuwako karibu. Watoto wa kiume walivuka feri. Babangu alisema mbele ya watu, na neno lake lilikuwa halirudi: "Binti yangu havuki feri. Skuli ikija upande huu, atasoma." Nami umri ulikuwa unakimbia. Nikishakuwa mwari ningewekwa ndani mpaka mume aje. Kwa hivyo kwangu ilikuwa mwaka ule ama basi tena.

Serikali ikatuita barazani, ikatwambia: jengeni wenyewe chumba, kuta na paa, sisi tutaleta mwalimu na kumlipa. Msipojenga, mwalimu atapelekwa Changamwe, wako watu huko wanamngoja. Mpaka leo nikikumbuka maneno yale damu hunichemka. Lakini lisilo budi hutendwa. Tukakubali.

Sasa ndipo likaja kosa letu, na hili Mwingereza hakutufanyia, tulijifanyia wenyewe.

Kwetu palikuwa na mitaa miwili, wa Juu na wa Chini. Sisi tulikuwa wa Chini. Kila mtaa ulikuwa na ngoma yake ya wanawake, lelemama, na ushindani wake haukuwa mchezo. Wao wakichinja mbuzi, sisi twachinja ng'ombe. Wao wakishona sare, sisi twashona mbili. Na palikuwa na ada moja ambayo nyinyi wa leo hamuijui: ukimpelekea mshindani wako kitu, unakwenda na ngoma na vigelegele, ili ajue kwamba umemzidi. Ukienda kimya, umekubali umeshindwa. Bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanakombo, ndiye aliyekuwa malkia wa ngoma yetu. Akikaa kwenye harusi, kiti chake kilikuwa cha mbele, na hakuna aliyekula kabla yake.

Basi skuli nayo ikaingizwa kwenye ngoma. Wa Juu wakaanza ya kwao, na sisi ya kwetu. Wao walikuwa na udongo mwekundu mzuri, wakasimamisha kuta, wakazikandika zikanyooka. Lakini minazi hawakuwa nayo, paa wangetoa wapi? Sisi tulikuwa na minazi mpaka ya kugawa. Wanawake walishona makuti tangu asubuhi hadi alasiri, yakajaa uani kwa bibi hata kuku wakakosa pa kupita. Lakini ardhi yetu ni mchanga mtupu, udongo wa kukandika hauna. Tukasimamisha boriti, zikabaki zimesimama uchi. Kuwaomba wa Juu udongo? Astaghafirullah! Na wao watuombe makuti? Bora wafe. Fahari wawili hawakai zizi moja.

Mkaguzi akaja. Alikuwa Mzungu mrefu aliyejua Kiswahili, cha kupinda kidogo, lakini kilieleweka. Akatazama kwetu, akapanda kutazama kwa wa Juu, akashuka anajipangusa jasho. Akasema, "Huku nimeona paa limelala uani, halina kuta. Kule nimeona kuta hazina paa. Skuli sijaiona. Jumatatu napita tena nikitoka Kwale. Nikikuta hivi hivi, mwalimu anakwenda Changamwe." Akaingia motokaa yake, akaenda zake.

Unadhani watu walihuzunika? Walicheka, mwanangu! Bi Mwanamisi, aliyekuwa mkono wa kulia wa bibi yangu, akapiga makofi: "Na wao wamekosa! Na wao wamekosa!" Akaitwaa ngoma, akaanza kutunga papo hapo wimbo wa fumbo kwamba kuta za jirani zitanywewa na mvua kama uji. Wenzake wakaitikia. Mimi nilisimama kando ya mlango, machozi yananitoka, na mawingu yale bado yako juu ya vichwa vyetu. Hakuna aliyeniona ila bibi.

"Nyamazeni!" akasema. "Mnacheka nini? Kuta zao zikianguka, nani atasoma ndani ya makuti yenu? Mbuzi?"

Bi Mwanamisi akashangaa. "Sasa wataka tuwapelekee, Bi Mwanakombo? Watasema tumeshindwa."

"Waseme."

"Basi japo twende na ngoma."

"Tukienda na ngoma watayakataa, na haki yao. Ngoma ikilia sana hupasuka, Mwanamisi. Hii imeshapasuka, wewe tu husikii."

Akafunga mzigo wa makuti kwa kamba, akajitwika. Mwanamke yule, ambaye watu walimbebea hata mwamvuli! Hakuna aliyemsaidia. Nikanyakua nilichoweza, nikamfuata. Njia nzima watu walitoka milangoni wakatutazama. Wengine waliziba vinywa, wengine hawakujali kuziba. Niliogopa turudishwe, niliogopa mvua, niliogopa bibi ageuke nyuma aone kwamba tuko wawili tu.

Malkia wa wa Juu aliitwa Bi Riziki. Alikuwa mweusi, mnene, mwenye mdomo mkali kuliko wembe. Alitungojea njiani, mkono kiunoni, na wanawake wake nyuma. Alikuwa amejiandaa kwa matusi.

"Hodi," akasema bibi yangu.

"Ngoma yenu iko wapi?" akauliza Bi Riziki.

"Nimeiacha nyumbani. Nimekuja na paa."

Bi Riziki aliushusha mkono kutoka kiunoni. Alimtazama bibi, akanitazama mimi na makuti yangu machache yanayoniangukia machoni, akatazama mbingu. Kisha akasogea, akamtua bibi mzigo kwa mikono yake mwenyewe. "Karibu," akasema. Halafu akawageukia wanawake wake: "Mwasimama nini nyinyi, mwangoja mchumba? Shukeni mkachukue yaliyobaki!"

Wakashuka, na waume zao nyuma yao. Wanaume wetu wa mtaa wa Chini walipoona wageni wanabeba makuti yao, haya ziliwapata, wakang'oa zile boriti uchi wakazipandisha nazo. Wakaezeka siku ile na siku zilizofuata. Mvua ilianza upande mmoja wa paa ukiwa bado wazi. Nyumba ya udongo haihimili vishindo, basi tukazifunika kuta kwa mikeka ya kulalia, wa Juu na wa Chini tumeshikilia mikeka ile pamoja, tumelowa chapachapa, watu wakicheka sasa kicheko cha haki. Jumatatu mkaguzi akapita. Akasema neno moja tu: "Nimeiona."

Mwalimu akaja. Nami nikaingia, mwanangu. Kila nilichokuwa baadaye, na barua ninazowasomea nyinyi mpaka leo, kilianzia mle.

Lakini bibi yangu walimtoza gharama ya jambo lile. Wanawake wetu walimvua umalkia, wakampa Bi Mwanamisi. Harusi hata harusi walimwimba mafumbo: kuna malkia aliyegeuka hamali, mnamjua? Alikaa jikoni na wapishi. Hakulalamika, ila mimi niliyelala naye kitanda kimoja nilijua kwamba lilimchoma.

Masika yalipokolea alikuja siku moja mpaka dirishani pa darasa, amejifunika buibui, maji yanamtiririka. Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni.

"We binti," akaniita kwa kunong'ona.

"Abee, bibi."

"Hapo unapoketi panavuja?"

Nikatazama juu, nikatazama mkeka. "Hapavuji, bibi."

"Basi nimeshinda," akasema, akaondoka.

Umesikia? Nami nakupa neno lake, na langu juu yake. Haki yenu kwa serikali idaini yote, msione haya, maana anayewapa nusu anajua mtagombania nusu hiyo mpaka msahau nusu ya pili. Lakini kwenye kikao chenu, kabla hujauliza darasa litakaa mtaa gani, uliza mtoto ataketi wapi mvua ikinyesha. Ukiona mwenzako ana kuta na wewe una paa, mpelekee, umpelekee kimya. Watasema umeshindwa. Watasema sana, na utakaa jikoni, na litakuuma, sikudanganyi. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono wa kwanza kunyooshwa ndio unaochekwa.

Haya, inuka, kikao chenu kinaanza na wewe bado umeketi kwangu. Mwenyezi Mungu akupe shingo ya kubeba mzigo watu wakikutazama, akulainishie mdomo wa kila Bi Riziki utakayekutana naye njiani, na watoto wa huku na wa kule awaketishe chini ya paa moja, pasivuje hata tone. Amin. Nenda.