Shingo ya Mbuzi wa Kipaimara

Mimi ni mtu wa hasira, sijifichi. Mama yangu alikuwa akisema ulimi wangu ulitangulia kuzaliwa, mimi nikafuata. Kwa hiyo msishangae kwamba nilipoanza kumfuata Yesu kwa dhati, jambo la kwanza nililofanya ni kumkosea jirani.

Ilikuwa Mtua, Nachingwea, miaka ya tisini. Sisi tulikuwa Wakristo wa kuhamia. Majirani zetu, babu mmoja na mkewe, walikuwa Waislamu, wenyeji wa pale. Tulipotaka kuchinja, hata kuku wa mgeni, tulimwita babu. Alikuja na kisu chake, akachinja, na sote tukala chungu kimoja. Shingo ilikuwa haki yake. Hakuna aliyetufundisha hayo, ndivyo watu walivyoishi. Na bibi ndiye aliyempokea binti yangu wa kwanza, mvua inanyesha, zahanati iko mbali na gari hakuna.

Mwaka ambao binti huyo alipata kipaimara, nilikuwa nimetoka semina ya siku tatu Ruangwa mjini. Mwalimu alituambia mwanafunzi wa Yesu hujulikana tangu jikoni kwake. Maneno mazuri. Juu ya mbuzi hakusema kitu. Hilo nililiongeza mwenyewe. Nikamwambia mume wangu, "Safari hii utachinja wewe. Hii ni sherehe ya Kanisa."

"Na babu akija?"

"Atakula wali."

Mume wangu alinitazama, akachukua kisu. Ananijua.

Babu alikuja saa mbili asubuhi, kisu chake amekifunga kwenye kitambaa. Mbuzi alikwisha kuning'inia, ngozi nusu imetoka. "Haya, mmeniwahi," alisema, akamtakia binti heri, akarudi kwake. Bibi alikuwa uani kwangu tangu alfajiri, anatwanga mpunga. Alimaliza kutwanga, akapepeta, akanawa mikono, akaondoka.

Nami, kwa akili zangu, nikaweka shingo kwenye bakuli, nikaipeleka mwenyewe kama siku zote. Bibi alilipokea kwa mikono miwili, akafunua, akafunika, akanirudishia.

"Mama, mtoto yule nilimpokea kwa mikono hii," alisema. "Leo umeninyima kula kwake."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningejibu, maana kujibu najua.

Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, unatia hata chumvi. Langu lilirudi na nyama yangu mwenyewe ndani. Miezi ikapita. Salamu zilikuwepo, shikamoo, marahaba, basi. Bibi hakuja tena kuomba moto, na mimi sikwenda. Niliona aibu sana, na aibu yangu siku zote hutoka nje imegeuka hasira. Nikajisemea, wameikataa sherehe ya Kanisa, shauri yao.

Huku nikazidi kusali. Nilimwomba Mungu anitume. Kwaresima ilipofika, jumuiya yetu ikapanga kwenda Matambarale kutoa ushuhuda nyumba kwa nyumba, nikawa wa kwanza kujiandikisha. Baiskeli, matope, mvua, nimo tu. Nyumba ya tatu tulimkuta mama mmoja anachambua mboga. Nikamweleza habari za upendo, nikazieleza vizuri mpaka nikajipenda. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, bila hila yoyote:

"Na majirani zako kule, wanakuonaje?"

Nikakohoa. Nikaomba maji ya kunywa.

Njia nzima ya kurudi nililia, wenzangu wakadhani nimeguswa na utume. Nilitaka kutumwa mbali. Kutumwa upande wa pili wa uzio wangu, hapana, hapo palikuwa karibu mno.

Jumamosi kabla ya Pasaka nilimkamata jogoo wangu, nikaenda kwa babu. Nikapiga hodi, nikapiga magoti.

"Shikamoo, babu. Siku ile nilikosa. Naomba unichinjie."

Babu alimtazama jogoo, kisha akanitazama mimi. "Huyo Yesu wako amekuruhusu?"

"Ndiye aliyenituma, babu."

"Mbona amechelewa?"

"Hakuchelewa yeye. Mimi nilipitia Matambarale."

Hapo akacheka, akaagiza kisu. "Shika miguu, mjukuu wangu," aliniambia. Nikashika. Bibi alikileta kisu, akakitoa kwenye kitambaa, akarudi ndani bila kunitazama.

Nilipika. Nikatia shingo kwenye bakuli lile lile, nikalipeleka na kuliacha kwa babu, nikarudi kwangu kungoja. Sikuweza kukaa. Nilifagia uwanja ambao nilikuwa nimeufagia asubuhi. Nilijua bakuli ndilo litakalonijibu, na nilijua jibu ninalostahili.

Jua linazama, bibi akaja nalo mwenyewe, limefunikwa. Nikafunua. Ndani mlikuwa na karanga mbichi, zimeoshwa, zimejaa mpaka juu. Nikaanza kumwomba radhi, maneno yakanikatalia, mimi mwenye ulimi huu. Bibi alivuta kigoda alichozoea kukalia kwangu zamani, akakaa karibu na chungu.

"Nipakulie, mama," alisema. "Nina njaa tangu kipaimara."