Chumvi ya Balangida iliyokaribia kumpeleka Malkia jikoni

Wakuu, salamu kutoka Endasak.

Nitakayoandika nimeyaona mwenyewe bandani. Nisichokijua nitasema sikijui.

Mke wangu, Mama Neema, ana sungura jike anaitwa Malkia. Anazaa vizuri, ila watoto wake wakishaachishwa kunyonya wanadumaa. Miguu dhaifu, manyoya yamesimama, kutwa wanatafuna mbao za banda.

Nikatamka: uzao huu nao ukidumaa, Malkia anaingia sufuria. Mama Neema akaendelea kumkatia Malkia majani. Wenye ndoa mnaelewa.

Nikasoma sana kwenye simu. Tulikuwa tunalisha pumba za mahindi na majani tu, nikahisi madini hayatoshi. Nikanunua unga wa madini wa sungura kwenye duka la mifugo Katesh.

Nilipofika nao nyumbani, akaingia jirani yetu, Mzee Safari, mfugaji wa ng'ombe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Baba Neema, unanunua vumbi dukani na chumvi ya Ziwa Balangida ipo? Ng'ombe wangu wanalamba hiyo, waone walivyo!"

"Mzee, sungura siyo ng'ombe."

"Ana meno, ana mkia. Anakosa nini?"

Huku kwetu chumvi ya ziwani ni dawa ya kila mfugo, kwa hiyo kumbishia mzee kwa maneno ni kazi bure. Nikagawa watoto wa Malkia vizimba viwili. Mama mmoja, majani yale yale. Kimoja unga kwa kipimo cha lebo, kingine chumvi ya mzee. Tukawekeana dau na mzee: atakayeshindwa atakata majani ya sungura hadi mavuno.

Kizimba cha chumvi walikunywa maji kama wametoka safari. Sakafu ikalowa, wakaanza kuharisha, mmoja akagoma kula.

Mama Neema akaja na ndoo, akamwaga chumvi yote nje.

"Hawa ni watoto wa Malkia, siyo shamba darasa lenu!"

Tukawarudishia majani makavu na maji safi. Walipopona, nao wakaanza unga.

Wale wa unga tangu mwanzo walikuwa wameshanyooka: miguu imara, manyoya yanateleza, mbao wameziacha. Wa chumvi walichelewa, ila wakafika.

Angalizo: nilipoongeza kipimo kwa tamaa, mkojo wa sungura ukawa mweupe mzito kama chokaa. Nikarudi kwenye lebo haraka. Na huu ni uzao mmoja tu, siwezi kuapa kwa mabanda yenu.

Nilichojifunza: madini yanasaidia pale yanapopungua, na kila mnyama ana yake.

Malkia yupo, ana mimba nyingine. Sufuria limepikiwa maharage.

Mzee Safari analeta majani kila asubuhi. Jana nimemkuta anachota unga wangu, anasawazisha kijiko kwa kidole.

"Na mimi nimenunua wawili," akasema. "Usiandike huko kwenye simu yako."

Basi wakuu, nyie mnawapa nini wenu? Mwenye uzoefu tofauti anirekebishe, nipo nasoma.