Mzizi Usiokuwa Mchungu

Sikuupenda ule mzizi tangu siku ya kwanza, na sababu yangu haikuwa ya kitaalamu. Ulikuwa mtamu. Kwetu dawa hupimwa kwa ulimi: mizizi tunayochemsha na supu ya mbuzi ni michungu mpaka machozi yanatoka, na mdomo wenyewe ndio unaokwambia imetosha. Huu wa Kichina ulikuja umekatwa vipande vya manjano, ndani ya pakiti yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma. Jirani yetu hapa Chechelesi, anayeleta mablanketi na chupa za chai kutoka Nairobi, alimpa Mama pakiti mbili kwa ajili ya kikohozi cha vumbi.

Kikohozi kilitulia, siwezi kusema uongo. Lakini Mama hakuishia hapo. Akaanza kutia vipande kwenye sufuria ya chai ya maziwa, asubuhi, mchana na jioni, na akajisifu kwamba ameacha sukari.

"Mama, hiyo ni dawa, si majani ya chai," nikamwambia.

"Dawa gani hii tamu?" akacheka. "Kama ingekuwa na nguvu ingekuwa chungu. Wewe kunywa, wacha maneno."

Mama ana presha. Humeza vidonge vyake kila siku, na huvilalamikia kuliko anavyolalamikia ukame. Miguu ilipovimba hadi ndala zikakataa kuingia, alisema ni joto. Kichwa kilipoanza kumuuma, alisema ni mimi na kelele zangu. Nikaondoka kwa hasira, maana ukibishana na Mama unajichosha bure. Kisha asubuhi moja akashindwa kuinua birika. Mkono ulikuwa umelegea kabisa, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona anaogopa.

Hospitalini daktari alimpima presha, akampima tena mkono wa pili, akauliza anakula nini, anakunywa nini. Nikatoa pakiti kwenye mkoba. Akasema mzizi huo ukinywewa kila siku hupandisha presha, huvimbisha mwili na kulegeza misuli, na vidonge vinabaki kufanya kazi ya bure. Wakamlaza. Nilikaa kwenye benchi nikimwombea, na huku bado nimemkasirikia.

Aliporudi nyumbani amepata nafuu, niliingia jikoni kutupa kilichobaki. Kopo lilikuwa na vipande vichache tu, na pakiti ya pili haikuwepo.

"Ile ingine iko wapi?"

Kwetu dawa iliyokusaidia huiweki peke yako, fungu moja ni la ndugu yako.

"Nilimtumia dada yangu," Mama akasema polepole. "Siku nyingi. Na gari ya Merti."

Dada yake, mama yangu mdogo, anaishi Korbesa, na presha wanayo wote wawili. Mama aliketi akaniangalia nikipiga simu, inakatika, napiga tena, hadi ikapokelewa.

"Aleikum salaam, mwanangu!" Mama mdogo alikuwa na furaha tele. "Ambia mama yako Mungu ambariki. Hiyo chai yake ni tamu, mimi nakunywa kutwa."

"Na afya je?" nikauliza.

"Niko mzima, alhamdulillahi. Miguu tu imevimba kidogo. Lakini hiyo ni joto."