Taa Sitini na Tisa Nyekundu

Karna Tollefsrud aliingia kwenye bunge la jimbo letu akiwa na miaka ishirini na minne, na kitu cha kwanza tulichomfanyia sisi waheshimiwa ni kumcheka. Nasema sisi kwa sababu nilikuwemo. Naitwa Orville Kvamme, mkulima, na kiti changu kilikuwa pembeni ya chake. Nina hasira ambazo sijui nizipeleke wapi, basi nazileta hapa.

Alizaliwa Nordby, mji mdogo ambao maghala yake ya bati ya kuhifadhia mahindi ni marefu kuliko kanisa. Baba yake alilima mahindi na soya, mama yake alipika shuleni. Kaka yake, Anders, alifanya kazi kwenye maghala hayo. Karna alipokuwa na miaka kumi na tisa, Anders aliingia ndani ya ghala kuvunja mahindi yaliyogandamana, na mtu ambaye hakujua kwamba yumo akawasha mtambo wa kushusha nafaka. Mahindi yakianza kukimbilia chini humbeba na mtu. Humalizi hata kufunga kamba za viatu, ameshafunikwa. Walimtoa baada ya muda wa saa tano, kwa kukata bati kwa misumeno, na muda wote huo Karna alikuwa amesimama nje ameshika koti la kaka yake.

Hakuna aliyemwona akilia. Aliajiriwa kumimina kahawa kwenye mkahawa wa Nordby, na wateja wakipungua alisoma sheria za kazi pale pale kaunta. Humo akagundua kwamba maghala madogo kama lile hayakuguswa na sheria yoyote ya usalama. Akaamua kugombea.

Mimi ndiye niliyemfundisha kubisha hodi. Nilimwambia aulize jina la mbwa kwanza, siasa baadaye.

"Na kama hawana mbwa, Mzee Orville?"

"Sifia trekta."

"Na kama trekta ni bovu?"

"Hapo binti, waambie utawaletea sheria nzuri na fundi."

Alizunguka nyumba kwa nyumba kwenye theluji ya kwanza mpaka buti zikapasuka, akashinda kwa kura arobaini na moja.

Muswada wake ulikuwa ukurasa mmoja tu. Mtu akiwa ndani ya ghala, mtambo uzimwe, swichi ipigwe kufuli, na ufunguo akae nao yule aliye ndani. Aliuita Sheria ya Anders.

Sasa, bunge letu lina desturi. Mbunge mpya akileta muswada wake wa kwanza, wenzake humtania. Wanamuuliza maswali ya kipuuzi, halafu wote wanabonyeza kitufe chekundu, cha kukataa. Ubao wa kura ukutani unawaka wekundu mtupu, mgeni anageuka rangi, sisi tunaangua kicheko, halafu tunabadilisha wote kuwa kijani na muswada unapita. Baadaye karatasi ya zile kura nyekundu inazungushwa, kila mtu anaandika neno la mzaha na kutia sahihi, na mgeni anapewa ikiwa kwenye fremu, iwe kumbukumbu.

Karna aliniomba mapema. "Mzee Orville, waambie wa kwangu wasiuchezee. Una jina la mtu."

"Ukikataa utani watasema una maringo," nikamwambia. "Hata mimi walinifanyia. Wewe cheka nao, ni dakika mbili tu."

Basi akakubali, kwa sababu niliyemwambia ni mimi.

Siku hiyo Spika alikuwa mgonjwa. Kwenye kiti alikaa naibu wake, Delmar Pruitt, mtu asiyeweza kuongoza hata foleni ya supu. Karna alisimama akaeleza muswada wake kwa sauti iliyotulia. Mjinga mmoja kutoka safu ya nyuma akauliza, "Mheshimiwa, na panya walio ndani nao wapewe ufunguo?" Ukumbi ukavunjika mbavu. Karna akajitahidi kutabasamu. Tukapiga kura. Taa sitini na tisa nyekundu, moja ya kijani. Tulikuwa bado tunacheka Delmar alipogonga nyundo kwa mazoea.

"Kura imefungwa. Muswada umeanguka."

"Wee Delmar, fungua!" mtu akapiga kelele. "Tulikuwa tunatania!"

Karani akatikisa kichwa. Kura ikishafungwa haifunguliwi. Njia ni moja tu: kesho yake mtu asimame aombe kura irudiwe, na kwa kanuni zetu mtu huyo lazima awe alipiga kura upande ulioshinda. Yaani mmoja wetu sitini na tisa.

Karna alinigeukia. "Nani atasimama?"

"Mimi," nikasema. "Kesho asubuhi, jambo la kwanza. Lala usingizi wako."

Mchana ule ile karatasi ilizungushwa kama kawaida, maana hakuna mwenye akili aliyeisimamisha. Ilinifikia nikila mkate wa nyama. Nikaandika mzaha ambao nimewaandikia wageni wote kwa miaka kumi na minane, nikasaini, nikaendelea kula.

Asubuhi kiongozi wa chama chenye wabunge wengi, Merle Hagedorn, alinikuta kwenye korido akaniwekea mkono begani.

"Orville, ndugu yangu. Wenye maghala wamefurahi mno. Imetokea kwa bahati mbaya, sawa, lakini wamefurahi. Kwa nini tuwaharibie?"

"Nimemuahidi binti wa watu, Merle."

"Na fedha za daraja la eneo lako? Si bado ziko kwenye kamati yangu?"

Kikao kilipoanza, Delmar akauliza kama kuna hoja ya kurudia kura. Watu sitini na tisa wazima, wenye suti na nguo za ndani safi, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Mimi niliinama nikatazama karatasi ambazo hazikuwa na kitu. Nilimsikia Karna akipumua. Kisha akasimama yeye.

"Mheshimiwa ulipiga kura upande gani?" Delmar akauliza.

"Nilikubali."

"Basi huna haki ya kuleta hoja."

"Kwa hiyo kati ya watu sabini," Karna akasema, "anayekatazwa ni yule ambaye hakuwa anatania."

Delmar akagonga nyundo. Karna akakaa. Hakunitazama, wala hakunisemesha mpaka kikao cha mwaka ule kikaisha. Fremu waliiacha mezani kwake, akaifunga kwenye gazeti akaenda nayo nyumbani.

Daraja langu lilikarabatiwa kiangazi. Oktoba, wakati wa mavuno, gari la zimamoto lilipita juu yake bila kupunguza mwendo, likikimbilia ghala moja la eneo langu. Ndani alikuwa Ray Sletten, baba wa watoto wawili. Swichi haikuwa na kufuli.

Baada ya mazishi tulishuka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa kula. Nilikuja na bakuli langu la viazi na nyama, kama jirani mwema. Karna alikuwa ameshafika, anamimina kahawa. Ukutani, juu ya birika kubwa, alikuwa ametundika ile fremu, na watu wenye vikombe mkononi walikuwa wanasoma majina kimya kimya. Nilitamani kutoka, lakini mlango ulikuwa upande wa pili wa watu wote.

Twyla, mjane wa Ray, alivaa miwani akasogea karibu. Kidole chake kilishuka taratibu kwenye orodha, kisha kikasimama.

"Orville," akasema. "Huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

Akausoma kwa sauti, watoto wake wakiwa wamesimama pale pale.

"'Karibu, binti. Angalia usizame.'"